Mayai ya chura kwenye shimo la septiki linalokauka, Mtopanga, Mombasa. Nifanyeje?

fundibomba_mtopanga · Jumatatu, saa 3 usiku

Assalaam alaykum wadau. Najua wapo watakaonicheka, lakini someni kwanza ndipo mcheke.

Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna ploti ya mtu aliyeanza kujenga akaishia njiani. Shimo la septiki limekaa wazi tangu mwaka jana. Masika yalipokolea likajaa, na vyura wakafanya harusi siku kumi mfululizo, hatulali. Leo ni siku ya tisa mvua imekatika. Maji yamebaki pembe moja tu, kina chake hakifiki kifundo cha mguu. Humo mna kamba za mayai meusi, ndefu kama tasbihi, zimejizungusha kwenye majani. Baadhi yashaanguliwa, vitone vyeusi vyenye mkia. Na kwenye tawi la mwarobaini lililoinamia shimo pana povu jeupe la ukubwa wa ngumi mbili, limekauka juu kama mkate wa sinia.

Mwanangu wa kike ana miaka minane. Kila akirudi madrasa lazima apitie hapo achungulie. Jana akanambia, "Baba, si wewe ni fundi wa maji?" Sikuwa na jibu.

Nimewaza niwatie ndooni niwapeleke kwenye yale matimbo ya Bamburi yenye maji mwaka mzima. Au niwafuge kwenye karai hapa nyumbani. Au nijaze shimo kwa maji ya kisima, mambo yaishe. Mwenye ujuzi anipe njia.

dogo_wa_Majengo · Jumatatu, saa 3 na nusu usiku

Fundi, mabomba ya watu yanavuja huko, wewe unaokoa vyura? Waswahili walisema kelele za chura hazimkatazi ng'ombe kunywa maji. Sawa, ng'ombe hazimkatazi, lakini mimi zanikatazia usingizi. Liache jua lifanye kazi yake.

mzee_Mtongwe · Jumatatu, saa 4 usiku

Dogo, punguza. Tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya kumtia chura kwenye dawa, akakatazwa kumuua. Kwetu tulilelewa hivyo, chura akiingia ndani hapigwi ufagio, anasukumwa taratibu mpaka nje. Fundi hajaambiwa ni lazima awaokoe, lakini kumcheka nako si vizuri.

Mwanangu, mimi sina ujuzi wa mayai. Najua tu kwamba zamani huku ng'ambo madimbwi ya mvua yalikuwa kila penye mnazi na mnazi, na hakuna aliyeyahesabu. Leo ukitafuta dimbwi unakuta ghorofa.

mwalimu_wa_bayo · Jumanne, saa 12 na robo asubuhi

Fundi, kwanza shusha ndoo. Kabla ya kuhamisha chochote nisikilize, kisha uamue.

Zile kamba ni za chura wa vipele-vipele, yule mnene wa mabarazani anayekula wadudu chini ya taa. Kwa kitaalamu ni Sclerophrys gutturalis. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu kumi kwa mpigo. Anataga hivyo kwa sababu karibu yote yatakufa. Jike na dume wakiacha wawili tu watakaofika ukubwani, idadi haijapungua. Kwa hiyo ukiona mia wamekauka, usione umeshindwa. Hiyo ndiyo hesabu yao tangu hujazaliwa wewe wala shimo lako.

La pili watu wengi hawalipendi. Dimbwi linalokauka si msiba kwa chura. Wengi wao wanalitafuta hilohilo, kwa sababu maji yanayokauka hayakai samaki. Matimbo yenye maji ya kudumu yana samaki, na kiluwiluwi kwa samaki ni kama kashata kwa mtoto. Yale ya Bamburi ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 yana samaki na yana wenyewe. Ukiwamwaga humo umewapikia watu futari.

La tatu ndilo linaloniogopesha. Kuna ukuvu unaoishi majini na kula ngozi za vyura, Batrachochytrium dendrobatidis. Ulipewa jina mwaka 1999, na umehusishwa na kupungua kwa aina zaidi ya 500 za vyura na jamaa zao duniani. Kenya pia umeonekana. Chura anapumua na kunywa kwa ngozi, ngozi ikiharibika moyo unasimama. Huo ukuvu unasafiri kwenye maji, kwenye tope la viatu, kwenye ndoo. Wewe unadhani umehamisha viluwiluwi, kumbe umehamisha maji ya shimo moja kwenda maji ya pili pamoja na kila kilichomo.

Kwa hiyo usiwahamishe kwenda dimbwi jingine, hata la karibu. Ukitaka kusaidia, lisaidie shimo lenyewe libaki na maji wiki chache. Na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawatalikubali: shimo lako naona lina haki ya kusaidiwa. Lingekuwa dimbwi la mvua porini ningekwambia liache. Lakini hapo Mtopanga tumeziba kila bonde kwa nyumba, mama chura amekosa pa kwenda akataga kwenye septiki. Hilo tumelifanya sisi.

mswahili_Leicester · Jumanne, saa 3 asubuhi

Mwalimu yuko sawa. Huku Uingereza watu wana vidimbwi vya bustani, na kila mwisho wa baridi kunaulizwa swali hilihili: mayai yametagwa kidimbwini, maji yanapungua au yanaganda barafu, niyahamishe? Wanajibiwa yaache palepale. Chura wa huku anataga fungu moja kubwa la ute lenye mayai hata elfu mbili, si kamba. Viluwiluwi wake wanachukua miezi mitatu na zaidi kwa sababu ya baridi. Wa kwetu na joto lile hawana subira hiyo.

fundibomba_mtopanga · Jumanne, saa 8 mchana

Nimechelewa kusoma. Asubuhi kabla sijaenda kazini nilishamwaga madumu kumi ya maji ya kisima. Nimerudi kula, kamba zilizobaki zimenywea, na viluwiluwi wengi wamelala ubavu. Mwanangu bado hajarudi shule. Nini nimekosea?

mwalimu_wa_bayo · Jumanne, saa 8 na dakika kumi

Kisima chenu maji yake ukiyaonja yakoje?

fundibomba_mtopanga · Jumanne, saa 8 na dakika kumi na mbili

Ya chumvi. Twafulia tu.

mwalimu_wa_bayo · Jumanne, saa 8 na nusu

Pole sana kaka. Ndiyo hiyo chumvi. Yai la chura halina ganda kama la kuku, ni ute na utando, maji yanaingia na kutoka. Maji ya nje yakiwa na chumvi kuliko ya ndani, yanayavuta ya ndani yatoke. Yai linanywea na kiluwiluwi naye hivyohivyo. Yupo chura mmoja Asia ya Kusini-Mashariki anayekula kaa na kuishi kwenye mikoko, huyo anavumilia chumvi. Wa Mtopanga haivumilii.

Sasa hivi chota ulichoweza kuchota katika hayo maji, bakisha tope, kisha tia maji ya mvua kama unayo kwenye tangi. Taratibu, si yote kwa mara moja. Ya bomba usiyatie hivihivi, yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na usiku wake kwanza.

muongozaji_Kwale · Jumanne, saa 11 jioni

Jamani lile suala la povu mbona mmeliruka? Fundi, lile povu USILIGUSE na usilitumbukize majini. Mimi hutembeza wageni msituni Shimba Hills, kila masika nakuta mtu mwema ameshalikwangua akalitia ndooni, amewamaliza wote.

Lile ni la chura mweupe wa mtini, Chiromantis xerampelina. Mchana utamuona amejibandika kwenye ukuta au kwenye nguzo amekuwa mweupe kama chokaa, jua kali na yeye hana habari. Usiku anageuka wa udongo. Jike anapanda tawi lililo juu ya maji, anatoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke kama mayai ya keki, madume mawili matatu wamemng'ang'ania nao wanapiga. Akiishiwa maji mwilini anashuka dimbwini kujijaza, anapanda tena kuendelea. Mayai yanakaa katikati ya povu, lile ganda la juu linazuia jua. Baada ya siku kama nne mpaka sita povu linalainika kwa chini na viluwiluwi wanadondoka majini mmoja mmoja.

Hao ndani ya povu hawana shida yoyote sasa. Shida yao ni moja, siku wanadondoka wakute maji na si tope kavu. Kama huna hakika na shimo, weka beseni la maji ya mvua moja kwa moja chini ya tawi. Basi.

dogo_wa_Majengo · Jumanne, saa 12 jioni

Subiri. Yaani ile kitu nyeupe huwa naona kwenye ukuta wa msikiti nikidhani ni chokaa imebanduka, ni chura?

muongozaji_Kwale · Jumanne, saa 12 na dakika tano

Ndiye. Na huyo si wa ajabu zaidi. Kusini mwa Afrika kuna chura mkubwa kama sahani, dume anabaki na watoto wake kwenye dimbwi. Dimbwi likianza kukauka anachimba mfereji kwa miguu na makalio, anawapitisha mpaka kwenye maji ya pili. Mita kadhaa za mfereji.

fundibomba_mtopanga · Jumanne, saa 12 na nusu

Huyo ni fundi bomba mwenzangu. Mimi sijawahi hata kumaliza mfereji bila kulipwa nusu kwanza.

nesi_Mikindani · Jumanne, saa 2 usiku

Samahani niharibu harusi. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 tulikuwa na chikungunya hapa Mombasa, na denge huja na kurudi. Wagonjwa walikuwa hawawezi kufunga vifungo vya shati kwa maumivu ya viungo. Mbu wa maradhi hayo anapenda maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo: ndoo, karai, tairi, beseni. Hilo beseni la chini ya tawi ndilo analolitafuta.

Na msidanganyane kwamba viluwiluwi watamla mbu. Wengi wanakwangua ukungu wa kijani na mabaki ya majani. Funika beseni kwa kipande cha chandarua mpaka siku ya kudondoka. Ukimaliza kazi lisugue kwa brashi pembeni kote, si kumwaga tu. Mayai ya mbu huyo hujibandika ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikija yanaanguliwa.

mzee_Mtongwe · Jumanne, saa 3 usiku

Hili la kusugua nimelifuata sasa hivi, mtungi wangu wa barazani una mwaka.

fundibomba_mtopanga · Alhamisi, saa 4 usiku

Ripoti.

Nilipokwisha kuchota maji ya chumvi nikakaa pembeni ya shimo nikawaza kama fundi, maana kama mlezi wa vyura nimeshafeli. Maji hayakauki kwa jua peke yake. Nimechimba septiki nyingi Kisauni hii, mwamba wa tumbawe ni kama sifongo, ukimwaga pipa asubuhi jioni limekwenda zake. Ningeleta hata lori la maji ya mvua lingepotelea chini. Kilichokuwa kikishikilia maji ni ule udongo mwekundu uliooshwa na mvua ukajikusanya pembe moja. Yaani kuongeza maji ilikuwa ni kujaza ndoo yenye tundu.

Nikatoa ile nailoni nyeusi nene tunayotandaza chini ya zege. Kipande cha futi kumi kwa kumi kilibaki kwenye kazi moja. Nimekiosha, nimekianika. Viluwiluwi wazima nikawakusanya kwa kata kwenye beseni pamoja na maji yao wenyewe, nikatandika nailoni kwenye pembe ileile, kingo nimezikandamiza kwa mawe, juu yake nikarudisha tope la shimo na majani yake. Kisha maji ya mvua kutoka tangi la jirani, anakinga kwenye mabati. Kina kama shubiri moja upande mmoja, upande wa pili nimeacha mteremko ili wakitaka kutoka watoke. Nikarudisha viluwiluwi. Juu nimeegemeza makuti mawili kwa kivuli.

Sikuwahamisha, mwalimu. Nimeziba bomba linalovuja.

Waliobaki siwezi kuhesabu, labda mia mbili. Kamba zote zilikufa. Binti yangu aliuliza mbona wamepungua, nikamwambia Baba alitia maji mabaya. Akanyamaza, akaenda zake. Leo amekuja na ndoo yake ndogo ya plastiki amekinga matone ya mabati, akamwaga mwenyewe.

mwalimu_wa_bayo · Alhamisi, saa 4 na nusu usiku

Kaka, miaka kumi na mitano nafundisha na sijawahi kuifikiria hiyo nailoni. Naiiba.

Chakula usihangaike, tope na majani vina cha kuwatosha. Ukiona wanang'ang'ania vilivyokufa, watupie mchicha uliochemshwa ukapoa, kidogo tu, kilichobaki ukitoe kabla hakijaoza. Wengi wanaofuga kwenye karai wanawaua kwa shibe. Chakula kinaoza, maji yananuka, pumzi inaisha.

mtetezi_wa_sheria · Ijumaa, saa 2 asubuhi

Mkumbuke vyura nao ni wanyamapori chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kuwachota na kuwafuga nyumbani kuna vibali vyake, waulizeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuwaachia maji walipo ni jambo jingine.

dogo_wa_Majengo · Ijumaa, saa 2 na dakika tano

Sasa tutamshitaki mtoto wa miaka minane na ndoo yake.

fundibomba_mtopanga · Jumapili, saa 12 asubuhi

Wamedondoka! Usiku tulikaa na tochi. Povu limelainika chini kama uji, kila baada ya muda tone, na ndani ya tone mkia unacheza. Beseni sikulihitaji, wameanguka kwenye nailoni. Mwanangu alihesabu mpaka sitini na saba akalala mabegani.

muongozaji_Kwale · Jumapili, saa 3 asubuhi

Mashaallah. Hao wataonekana wameduwaa siku ya kwanza, usiogope.

Na kwa wenzangu wa Changamwe, msione hamna chenu. Kuna mnyama wa jamaa ya vyura asiye na miguu, ukimuona utasema mnyoo mnene, anaishi udongoni. Mwaka 1932 alipewa jina la Boulengerula changamwensis, kwa sababu huko Changamwe ndiko alikopatikana. Ukilima ukakuta mnyoo wenye mdomo, umtazame vizuri kabla ya jembe la pili.

fundibomba_mtopanga · wiki tano baadaye

Samahani kwa kimya, kazi.

Wale weusi wa kamba wameanza kutoka. Miguu ya nyuma ilitangulia, ya mbele ikachomoza usiku mmoja, mkia ukaliwa ndani kwa ndani. Wanapanda ule mteremko wakiwa wadogo kama punje ya mahindi. Nimeona kama thelathini kwa macho yangu. Kunguru nao wameona. Nilitaka kuwafukuza, nikakumbuka hesabu ya mwalimu, nikafukuza nusu tu.

Sasa kizungumkuti. Mwenye ploti amepata pesa, anataka kuendelea, na kazi ya septiki amenipa mimi. Ndiyo, mimi. Nimemwomba nianze na mabomba ya juu, shimo liwe la mwisho. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia udongo haujatulia. Si uongo mtupu.

mzee_Mtongwe · siku hiyohiyo

Udongo wenye watoto hautulii, kweli.

nesi_Mikindani · siku hiyohiyo

Mbu je?

fundibomba_mtopanga · siku hiyohiyo

Kulikuwa na vidudu vya mbu wiki ya pili, nikawa nawachota kwa chujio la chai kila jioni. Mke wangu amenunua chujio jipya.

fundibomba_mtopanga · wiki tatu baadaye

Wa povu wamemaliza juzi. Wa mwisho walikuwa kumi na mmoja, wanapanda majani na si mteremko, wamejibandika kwenye makuti, kijivu. Jana hakukuwa na hata mmoja majini. Tumeangalia mara tatu, mara ya tatu kwa amri ya mwanangu.

Leo nimeanza shimo. Tawi la mwarobaini sikulikata, liko upande wa pili wa ukuta. Nailoni nimeitoa, nimeisugua, nimeianika juani siku nzima na kesho bado itaanikwa, maana mwalimu alinipigia simu akasema ule ukuvu hauvumilii ukavu. Viatu pia.

dogo_wa_Majengo · siku hiyohiyo, saa 3 usiku

Fundi. Hiyo nailoni ni futi ngapi ulisema? Hapa nyuma ya kwetu walichimba wakafukua bomba wakaacha wazi, na usiku wa leo naskia kelele.

fundibomba_mtopanga · siku hiyohiyo, saa 3 na dakika mbili

Kumi kwa kumi. Ngoja ikauke kwanza.